Mjumbe wa Mengineyo

Niliingia kwenye kamati ya shehia kwa sababu kulikuwa na kiti kimoja kitupu. Agizo lilikuwa limeshuka kutoka juu kwamba kila kamati iwe na kijana na iwe na mwanamke, na Sheha wetu, mtu mzima aliyekwisha kuchoshwa na maagizo, alitazama viti vya plastiki ofisini kwake akaona kimebaki kimoja. Akamtuma mtu aniite. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, nimemaliza chuo, sina kazi, na mchana kutwa niko nyumbani na bibi yangu aliyenilea tangu mama yangu alipofariki. Kwa hiyo nilikuwa kijana, nilikuwa mwanamke, na nilikuwa napatikana. Masharti mawili yakatimizwa na mtu mmoja.

Mimi nililiona jambo hilo kama mzaha. Bibi hakuliona hivyo. Shehia kwetu Unguja ndiyo serikali ya mlangoni. Huko ndiko unakokwenda kuomba barua, huko ndiko unakomshitaki jirani anayemwaga maji machafu uchochoroni, na tangu Bibi awe mtu mzima hakuwahi kuwa na mtu wake huko. Ukoo wetu wa Kiarabu ulikuwa na mashamba ya mikarafuu zamani, lakini hayo mimi nimeyakuta kwenye masimulizi. Nilichokikuta kwa macho ni vyumba viwili orofani katika nyumba ya Mji Mkongwe inayovuja, na Bibi anayesema, kila jambo linapotukwama, "Hatuna mtu."

Siku niliyorudi na khabari ya kamati alinyanyua mikono. "Alhamdulillahi. Na sisi tuna mtu sasa."

Alimwambia jirani wa chini. Alimwambia muuza kahawa kutoka dirishani. Alimwambia nesi wa kituo cha afya. Nilimwomba aache, maana nilikuwa nikiona haya, naye akanijibu kwamba haya ni za mtu asiyekuwa na mtu.

Vikao vyenyewe vilikuwa mara moja kwa mwezi. Saa tatu iliyoandikwa kwenye karatasi ilikuwa ni saa nne na nusu ya kweli. Katibu, mwalimu mstaafu mwenye hati nzuri kupita ya mtu yeyote ninayemjua, alitugawia ajenda: kufungua kikao, kuthibitisha muhtasari, yatokanayo, taka, mitaro, walinzi wa mtaa, na ya mwisho kabisa mengineyo. Mengineyo ndiyo ilikuwa ajenda ya vijana. Kila nilipotaka kusema neno, mwenyekiti, ambaye ni Sheha mwenyewe, alininyooshea kiganja kwa upole akasema, "Hilo lako zuri, mwanangu, tuliweke kwenye mengineyo."

Na mengineyo haikuwahi kufika. Tukiikaribia, adhana ya adhuhuri inaanza, misikiti mitatu kwa mpigo, wazee wanatafuta viatu kwa macho, na mzee mmoja aliyekuwa imamu wa msikiti wa jirani anasema, "Tusome Fatiha." Ikishasomwa Fatiha, kikao kimekwisha. Hakuna sheria iliyoandikwa, lakini mtoto yeyote wa Unguja anaijua. Hata posa ikishasomewa Fatiha imekwisha kuwa. Wenye la kusema walikuwa waseme kabla. Miezi minane nilikaa kwenye kiti kile na nikasomewa Fatiha mara nane. Wenzangu wa kundi letu la vijana kwenye simu walinipa jina, Mheshimiwa Mengineyo, nami nilicheka nao kwa sababu sikuwa na la maana la kupoteza.

Kisha likaja la kituo.

Bibi ana sukari, na mwaka huo alikuwa na kidonda chini ya mguu wa kushoto, karibu na kidole gumba. Kituo cha afya kilikuwa kona tatu kutoka mlangoni petu. Alikuwa akishuka ngazi kwa makalio, ngazi moja baada ya moja, akijicheka mwenyewe, kisha anasimama, anajistiri vizuri na buibui lake, anashika ukuta, tunakwenda. Siku moja kwenda, siku moja kupumzika. Nesi alikuwa anaosha, anafunga, anamgombeza kwa sababu ya halua, na tunarudi. Kidonda kilikuwa kinapungua. Nilikuwa nakipima kwa macho, na kilikuwa kinapungua.

Khabari zikazagaa kwamba kituo kinahamishwa. Boriti za sakafu ya juu zimeoza, jengo lifanyiwe ukarabati, huduma zihamie "kwa muda" kwenye jengo jipya nje ya Mji Mkongwe. Kuhusu boriti hakuna aliyebisha. Vumbi lake lilikuwa likitudondokea tukiwa kwenye foleni. Lakini jengo jipya lilikuwa ng'ambo ya barabara kubwa, mbali kwa mtu mwenye miguu miwili mizima, na kwenye vichochoro vyetu gari haiingii. Vespa inapita, lakini nani atampakia Bibi juu ya vespa?

Hapo ndipo nilipouona ujumbe wangu wa kamati kwa mara ya kwanza kuwa ni kazi. Niliwakusanya wenzangu wa kwenye simu, wale wale wa kunitania. Tuligawana vichochoro. Tukagonga kila mlango na kuuliza nani anakwenda kituoni, kwa maradhi gani, anaweza kutembea kiasi gani. Tuliandika majina ya wazee, ya wajawazito, ya mtoto mmoja mwenye kifafa. Tukapata na chumba: chini, uchochoro huo huo wa kituo, ghala tupu la mtu aliyeacha biashara, naye akakubali kulitoa kwa muda. Nesi mwenyewe alikuja akalitazama, akasema kwa kufunga vidonda na kupima sukari panatosha sana. Huduma nyingine zihame, hiyo ndogo ibaki. Hilo tu ndilo tulilolitaka.

Barua niliiandika mimi. Niliifuta na kuiandika upya mpaka Bibi akaniuliza kama naandika wasia. Nilipomsomea alisikiliza akiwa amefumba macho, na nilipomaliza akasema, "Wasomee hivyo hivyo. Usiharakishe."

Asubuhi ya kikao nilimwendea Katibu mapema, kabla hajapanga viti. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nikamwomba barua ya vijana iwekwe juu, pamoja na ajenda ya kituo.

"Mwanangu, ajenda nshaipiga chapa," akasema. "Lakini imo. Nimekuwekea."

Nilitazama. Ilikuwa imo. Ilikuwa kwenye mengineyo.

Siku hiyo alikuja mgeni kutoka ofisi ya afya, kijana kidogo kuliko wazee wetu, shati limenyooka, mstaarabu. Alieleza ukarabati vizuri. Sheha akamshukuru, akasema wenye maoni wayahifadhi, tutayapokea kwenye mengineyo. Kisha tukaingia kwenye taka. Tulizungumza taka kwa muda ambao ungetosha kuzizoa. Nilikuwa nikitazama saa ya ukutani na barua imelowa jasho mkononi mwangu. Mara mbili nilinyanyua mkono, na mara mbili kile kiganja cha upole kikanituliza. Nilijiambia, nikisimama bila ya kuruhusiwa watasema mtoto hakulelewa, na aibu hiyo haitakuwa yangu, itakuwa ya Bibi.

Adhana ikaanza.

"Tusome Fatiha," akasema yule mzee.

Tukasoma. Nami nilisoma, barua nimeibana kwapani ili mikono yangu iwe wazi. Kisha mzee akaomba dua, na siku ile, kwa ajili ya mgeni, akairefusha. Ewe Mola, lijaalie jambo letu hili la kituo liwe la kheri. Amin. Wape nguvu viongozi wetu walitimize. Amin. Utuondolee kila kizuizi. Amin.

Niliitikia zote tatu. Nisingeweza kufanya vingine. Bibi alinilea kwamba dua haiachwi ikaning'inia. Nilipokuwa mdogo, nikisahau kuitikia, alikuwa akinigusa paja kwa kidole. Kizuizi chenyewe kilikuwa mimi na barua yangu, na niliomba kwa sauti kiondolewe.

Nje nilimkimbilia mgeni nikampa ile barua. Aliipokea kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa, akasema ataifanyia kazi. Nilirudi nyumbani nikamwambia Bibi kwamba barua imefika. Hakuniuliza kama nimeisoma. Aliniuliza kama sikuharakisha, nikamjibu sikuharakisha.

Kituo kilifungwa mwezi uliofuata. Ghala letu likabaki tupu kama tulivyolifagia.

Nilikwenda ofisini kwa Sheha bila ya kuitwa. Nilimwamkia, nikakaa, na nikauliza barua ya vijana ilijibiwa nini. Sheha akamtazama Katibu, Katibu akafungua daftari la mihtasari akalisogeza mbele yangu, amejaa fahari ya hati yake. Nilisoma mwenyewe. Wajumbe wote waliridhia kwa kauli moja mpango wa kuhamisha huduma, akiwemo mjumbe anayewakilisha vijana na wanawake.

"Mimi niliridhia lini?" nikauliza.

Katibu alishangaa kweli. Mpaka leo naamini hakuwa na hila hata punje. "Mwanangu, si uliitikia Amin? Nilikuwa nimekaa mbele yako. Tena uliitikia kwa sauti."

"Ile ilikuwa dua!"

"Dua ya nini? Si ya jambo la kituo?"

Alikuwa anasema kweli. Kwenye kamati yetu hakuna aliyewahi kupiga kura. Hakuna aliyewahi kusema napinga mbele ya mtu aliyemzidi umri. Jambo linaelezwa, linaombewa, linaitikiwa, na Katibu anaandika kwamba wameridhia, miaka nenda miaka rudi, nami nilikuwa nimekaa miezi minane nikicheka jina langu la mengineyo bila ya kujua kwamba kazi yangu nilikuwa nimekwisha kuifanya kila mwezi. Nilipiga meza kwa kiganja. Kalamu ya Katibu ikaanguka. Halafu, na hili ndilo linalonichoma zaidi, nikaiokota nikamwomba radhi.

"Ukubwa jaa," akasema Sheha, akijisugua macho. "Kila kitu natupiwa mimi. Unataka nifanye nini? Posa ishasomewa Fatiha, we unataka nende nkamrejeshe bwana harusi?"

Nilimsihi aitishe kikao kingine. Nililia mbele yao, watu wazima wawili wasiojua watazame wapi. Akaniahidi mwezi ujao, kwenye mengineyo. Nilikwenda na kwa yule mgeni, mara tatu, na mara ya tatu karani alinionesha barua yetu ikiwa kwenye jalada safi, imegongwa muhuri wa kupokelewa. Alinionesha kama mtu anayekuonesha kwamba amana yako iko salama.

Bibi tukaanza kumpeleka jengo jipya. Vijana wa timu ya mpira ya mtaa walijitolea. Wanne, kiti cha plastiki, wanamshusha ngazi na kumbeba mpaka barabara ya gari. Alikaa wima, buibui limefunika mpaka vidole, akiwaamkua watu wa barazani kana kwamba anapita kwa miguu yake. Mara ya kwanza tulipofika barabarani aliwashukuru mmoja mmoja, akawaombea wake wema, kisha akaniinamia.

"Sijafa, nshabebwa," akasema.

Alicheka, nami nikacheka. Lakini alikuwa mtu ambaye hata akiwa mgonjwa hakuwahi kushikwa mkono na mwanamume asiye wake. Wiki ya kwanza tulikwenda kama zamani, siku moja kwenda, siku moja kupumzika. Kisha ikawa mara mbili kwa wiki, kwa sababu vijana nao wana shughuli zao na foleni ya jengo jipya ilikuwa ya mji mzima. Kisha akaanza, "Leo sendi, nimechoka." Kisha akaanza, "Kishapona hiki, kinakauka." Nikitaka kukitazama, ananifukuza: kwani mimi nimekuwa nesi? Bendeji alikuwa anafunga mwenyewe, mlango kaurudisha.

Wakati huo akawa anafukiza udi kila siku. Bibi alikuwa mpenzi wa udi tangu zamani, wa Ijumaa na wa sikukuu, na nilipokiona chetezo kinafuka Jumatatu na Jumanne nilifurahi. Nilidhani moyo wake umerudi. Nikamnunulia udi mwingine. Mjumbe mzima wa kamati, msomi wa chuo, niliupenda moshi ule wiki tatu nzima kabla pua yangu haijanieleza ulikuwa unaficha nini.

Nilipofungua bendeji hakupiga kelele. Aligeukia ukutani.

"Kwa nini hukunambia, Bibi?"

"Ntakwambia nini na wewe una mambo ya watu?" akasema. "Nlijua unalishughulikia. Nilisema nisubiri wakurejeshee jibu."

Alikuwa akinisubiri mimi. Alikuwa amekaa orofani na mguu unaoza, akiwaambia majirani wawe na subira, mjukuu wake yumo kwenye kamati, kituo kitarudi. Sikuwahi kumwambia kuhusu daftari la Katibu.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nililisikia la mkuu. Nilitulizwa nikatulia, nikaombewa nikaitikia, na guu likawa la mwingine.

Hospitalini daktari hakuzunguka. Alitueleza mimi na mjomba wangu, mtoto wa kiume wa Bibi, aliyekuja kwa haraka kutoka Mkokotoni na harufu ya dagaa anaowafanyia biashara bado iko kwenye shati. Mguu ukatwe chini ya goti, na usingoje. Kidonda kingefungwa vizuri, mfululizo, pengine tusingefika hapa. Alilisema hilo akitazama cheti, halimlengi mtu. Mjomba alisimama akishika chuma cha kitanda. Mimi nilikuwa nikiutazama ule mguu ndani ya shuka, nikikumbuka ulivyokuwa ukitafuta ngazi, moja baada ya moja, na kicheko chake.

Bibi alisikia yote. Aliuliza tu wataufanya nini ukishakatwa, na nesi akamwambia huzikwa. Akatikisa kichwa, akaridhika na hilo.

"Basi," mjomba akasema. "Jambo la Mungu. Tusome Fatiha."

Tukasoma, watatu, nesi amesimama pembeni na faili lake. Kisha mjomba akaomba dua. Hakuwa hodari wa dua. Aliomba kama alivyosikia wazee wakiomba, kwamba jambo letu hili liwe la kheri, na madaktari wapewe nguvu walitimize. Bibi akaitikia. Mimi mikono yangu ilikuwa juu na mdomo wangu umefungwa. Nilikuwa siwezi. Nilijua neno hilo moja linaandikwaje.

Kidole chake kikanigusa paja.

"Itikia, mwanangu," akasema Bibi. "Itikia kwa sauti. We mtu wa kamati, sauti yako ndo wanayoisikia."

Nikaitikia.

Nesi akauliza kama jamaa wote wameridhia. Mjomba akasema naam, wote. Nesi akaandika.